Timazi Ikikupa Jibu la Ajabu, Anza Kuangalia Juu

Fundi mwashi amemaliza ukuta, ameteremsha timazi mbele ya mwenye nyumba, wote wameridhika uko wima. Siku ya pili anakuja fundi wa plasta na timazi yake, anaiangika palepale, kisha anasema ukuta umelala. Hapo ndipo maneno yanapoanza, na kwa kawaida anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kabla ya kuvunja ukuta, ichunguzeni timazi. Chombo chenyewe hakina mengi ya kuharibika: ni uzi na chubwi, yaani kile kipande kizito kinachoning'inia mwisho wa uzi, hakina betri wala skrubu ya kurekebisha. Uzi ukiachwa uninginie bila kuguswa na kitu, utaelekea chini tu, haujui kwingine. Shida ni kwamba mara nyingi hauachwi. Na kinachousumbua mara nyingi kiko juu, kwenye msumari, kwenye fundo, kwenye kibao, ilhali watu wote wameinama huku chini wakiikodolea macho ncha ya chubwi. Ninachokiandika hapa ni kwa ajili ya Mombasa yetu hii ya upepo, chumvi na mawe ya matumbawe, na nitakwenda kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona kwanza.

Haitulii, inacheza tu

Kucheza si ugonjwa. Kila timazi ina mwendo wake, na mwendo huo hutokana na urefu wa uzi, si uzito wa chubwi. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2. Wa mita 3, yaani ukuta wa chumba cha kawaida, huchukua sekunde 3 na nusu hivi. Ukiteremsha mita 6 kutoka juu ya ghorofa, ni karibu sekunde 5. Basi hesabu. Ikiwa inakwenda kwa mwendo huo na kila ikirudi mchezo umepungua, hakuna hitilafu yoyote, ni aliyeshika penseli ndiye hana subira.

“Fundi, hii yacheza.”

“Iwache itulie, mwanangu. Na usiipulize.”

Inayotakiwa kukushtua ni timazi isiyopunguza mchezo. Tazama juu. Kama uzi umefungwa kwenye jukwaa la miti na vibarua wanapita na makarai ya simiti, kila hatua yao inaisukuma upya. Hamisha msumari: upigilie kwenye ukuta wenyewe, au kwenye ubao uliobanwa juu ya ukuta na usiogusana na jukwaa. Kushika uzi kwa mkono ndiyo mbaya kuliko zote. Hakuna mkono unaotulia dakika nzima, hata wa fundi mzee.

Juu kukishatulia, ndipo ndoo ya maji inapofaa. Zamisha chubwi ndani ya maji, isiguse kando wala chini, na mchezo utakufa upesi. Oili chafu ya gari huua upesi zaidi, ila utajipaka. Jihadhari na jambo moja ambalo sioni likisemwa: kitu kikiwa majini hupungua uzito. Chubwi ya shaba hupoteza kama sehemu moja ya nane ya uzito wake, ya risasi hupoteza kidogo kuliko hapo. Lakini lile jiwe la matumbawe ambalo watu hulifunga kwa kamba pale chubwi inapopotea, likizama linapoteza karibu nusu. Jiwe hilo ndani ya ndoo ni timazi dhaifu, upepo kidogo tu ukiupiga uzi linahama.

Ukikosa ndoo, usingojee hadi adhuhuri. Weka ubao chini ya ncha, tia alama mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia, kisha mwisho wa kushoto unaofuata. Chukua katikati ya zile alama mbili za kushoto, halafu katikati ya hapo na ile ya kulia. Hapo ndipo timazi ingetulia, na umepata jibu kwa muda wa pumzi chache.

Imetulia kabisa, lakini si mahali pake

Hii ni hatari kuliko ya kwanza, kwa sababu timazi iliyotulia huaminika. Upepo wa vipindi huichezesha timazi na unaiona. Upepo unaovuma mfululizo, kama kusi ya katikati ya mwaka au kaskazi inapokolea, huisukuma pembeni na kuishikilia pale pale, ikatulia kama iliyo sawa.

Wengi hufikiri upepo unaipiga chubwi, hivyo wanaikinga chubwi. Hesabu haisemi hivyo. Chukua chubwi ya nusu kilo, uzi wa katani wenye unene wa milimita 2, urefu mita 3, na upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao ufuoni hapa watu huuita upepo mzuri. Kwa hesabu ya karibu, ncha ya chini itahama sentimita 3 hivi kwa sababu ya uzi peke yake. Chubwi yenyewe itachangia milimita 6 tu. Uzi ni mrefu, na kila sentimita yake ni tanga dogo.

Kwa hivyo ndoo ya maji haitibu dalili hii. Inaua mchezo, haiondoi msukumo. Dawa ni uzi mwembamba na chubwi nzito. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi ununue mshipi wa nusu milimita, na makosa ya uzi katika mfano ule yatashuka chini ya sentimita 1. Ukiongeza chubwi iwe ya kilo 2, yatabaki milimita 2 au 3. Hizo unaweza kuishi nazo.

Namna ya kujua kama ni upepo: simama mbali kidogo, upande ambao upepo unapita mbele yako, uutazame uzi kwa jicho moja ukiulinganisha na pembe ya kitu kilichonyooka. Uzi ulionyooka tuli hauna neno. Uzi wenye tumbo jepesi umepigwa. Turubali la kukinga husaidia likiwa halipepei na kuugusa uzi, na mara nyingi hupepea. Mimi ningepima alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka. Kazi ya nguzo ndefu za ghorofa kupimwa saa tisa alasiri kandokando ya bahari ni kutafuta lawama.

Kila ukuta umelala, na wote upande mmoja

Hapa ndipo pana ugomvi mwingi, na ndipo nitakaa zaidi.

Timazi ya mwashi huja na kibao: kipande cha mraba chenye tundu katikati ambapo uzi unapita. Unakibandika kibao juu ya ukuta, unashusha chubwi, na kama ukuta uko wima, ubavu wa chubwi unaugusa ukuta kwa mbali bila kuulalia. Mpango huu unategemea jambo moja: nusu ya upana wa kibao iwe sawa na nusu ya unene wa chubwi. Kikitoka kiwandani huwa sawa. Lakini kibao hupotea. Fundi anachonga kingine kwa mbao, au anaazima cha mwenzake. Kibao cha milimita 50 kwenye chubwi ya milimita 46 kitaacha mwanya wa milimita 2 chini, hata kama ukuta ni wima kama mnazi mchanga. Kila ukuta utakaopimwa na timazi hiyo utaonekana umetokeza juu.

Jinsi ya kutenganisha kosa la kibao na kosa la ukuta ni rahisi, na nashangaa watu hugombana saa nzima kabla ya kuifanya. Pima mwanya ukiwa umeshusha chubwi mita 1 tu. Kisha ishushe mita 3 hapohapo. Mwanya ukibaki uleule, kosa ni la kibao. Mwanya ukikua kadiri unavyoshuka, mara tatu kwa mita 3, basi ukuta ndio umelala. Upepo nao hukua kwa urefu, tena unakua kwa kasi zaidi kuliko hivyo, ndiyo maana nimeanza na upepo.

Kuna na sababu nyingine ya kibao iliyo yetu hasa. Jiwe la matumbawe lililochongwa kwa panga au mashine halina uso laini. Lina vishimo na vinundu. Kibao kikikalia kinundu cha milimita 4, timazi yote imesogea milimita 4 na hakuna anayejua, kwa sababu kinundu kiko juu na watu wako chini. Kabla ya kupima, piga kinundu kwa nyundo, au paka doa la simiti, lisawazishe, likauke, na upimie hapo.

Mimi mwenyewe kwenye ukuta wa mawe haya siyaamini macho kwenye mwanya wa chubwi. Napigilia msumari utokeze sentimita 10, naangika uzi mbali na ukuta, kisha napima kwa tepu kutoka uzi hadi ukutani: juu, katikati, chini. Kibao hakihitajiki, unene wa chubwi hauhusiki, na namba zinaandikika. Mambo mawili tu ya kuchunga. Pima kwenye ubavu uleule wa uzi kila mara, maana ukipima juu ubavu wa ndani na chini ubavu wa nje, unene wa uzi umeuhesabu kama kosa la ukuta. Na tepu isiusukume uzi. Ikiugusa tu, umekwisha kuuhamisha.

Ncha inachora duara

Shika uzi, izungushe chubwi taratibu mahali pamoja, uitazame ncha. Kama ncha inasimama kwenye doa moja, iko sawa. Kama inachora kiduara, ncha haiko chini ya fundo. Huenda fundo limekaa upande mmoja wa tundu, ncha imepinda kwa kuanguka sakafuni, au chubwi ya chuma imeliwa na kutu ya chumvi upande mmoja. Funga fundo upya lipite katikati. Ikiendelea, katikati ya kiduara ndiyo alama yako.

Kwa kupima ukuta kwa tepu hitilafu hii haina madhara, kwa sababu unapima kutoka kwenye uzi na uzi uko wima hata chubwi ikiwa na sura ya kiazi. Ndiyo maana chubwi ya mvuvi, boliti kubwa, hata chupa ya mchanga hufaa kwa kazi hiyo. Madhara ni pale unapohamisha alama kutoka dari hadi sakafuni kwa ncha, kama unapotoboa njia ya bomba la maji.

Chubwi ikijizungusha yenyewe bila kuguswa, uzi wako umesokotwa na sasa unajisokotoa. Wa kusuka haufanyi hivyo, wala mshipi.

Ukiivuta na kuiachia, inarudi mahali tofauti

Uzi unagusa kitu. Kipande cha waya, kichwa cha msumari mwingine, simiti iliyochuruzika. Pandisha kidole kutoka chini hadi juu bila kuugusa uzi na utakiona. Tena, mara nyingi ni sentimita chache chini ya fundo.

Timazi inasema hivi, pimamaji inasema vile

Ipindue pimamaji. Ibandike ukutani, soma povu, kisha igeuze juu chini mahali palepale, ubavu uleule ukiwa ukutani. Ikibadilisha jibu, ina kasoro, na kasoro yake ni nusu ya tofauti hiyo. Pimamaji zinazodondoka kutoka jukwaani kila wiki hazina budi kuwa na kasoro.

Isipobadilisha, basi zote mbili zinasema kweli. Pimamaji ya sentimita 60 inaona sentimita 60 za ukuta, timazi inaona ukuta mzima.

Juu sawa, chini sawa, lakini jicho linakataa

Liamini jicho. Ukuta una tumbo katikati. Timazi ya kugusa juu na chini hairipoti tumbo, hivyo shika uzi uliotengwa na ukuta kwa msumari na upime kila nusu mita. Tumbo hutokea mwashi anapokimbilia kumaliza: mawe mengi siku moja, simiti ya chini bado mbichi, uzito wa juu unaisukuma. Kupita mita 1 na nusu kwa siku moja ni kujitafutia tumbo. Hiyo ndiyo sababu pia ukuta uliokuwa wima jioni huamkia umelala, hasa mvua ikinyesha usiku wa masika.

Nguzo za zege zina tabia kama hiyo. Boksi la mbao hupimwa likiwa tupu, likawa sawa pande zote mbili, zege ikamwagwa na kushindiliwa, boksi likasogea. Acha timazi ikining'inia wakati zege inamwagwa, na pima tena kabla haijakaza. Pande mbili, nasema, maana nguzo inaweza kuwa wima ukiitazama kutoka barabarani na imelala ukiitazama kutoka kwa jirani.

Mlango unajifungua wenyewe

Wapo watakaokutajia jini. Teremsha timazi kwanza, kwenye mwimo unaobeba bawaba.

Mlango huzunguka kwenye mstari unaopita kwenye bawaba zote, na mstari huo ukiwa umeinama, mlango huteremka hadi pale pa chini kabisa kisha hutulia. Kanuni yake: mlango hulalia upande ambao kichwa cha mwimo kimeinamia. Ukijifungua kuelekea chumbani, sehemu ya juu ya mwimo imeinamia chumbani. Ukikokota sakafuni upande wa kitasa, kichwa kimeinamia upande wa uwazi wa mlango. Hizo ni pande mbili tofauti za kupima, na mafundi wengi hupima moja.

Kwa kosa la milimita chache husogezi fremu. Unafungua bawaba ya juu, unaitia kipande cha kadibodi ngumu au bati nyuma yake, au unachimba kidogo ikae ndani. Milango ya zamani ya Mji wa Kale isiyo na bawaba, ile inayozunguka kwa vigingi juu na chini, hufuata kanuni hiyohiyo: kigingi cha juu kiwe juu ya kile cha chini. Hapo teremsha timazi kutoka katikati ya tundu la juu. Na usizifuate kuta zenyewe ukadhani zitakuonyesha wima. Kuta nene za matumbawe na chokaa zimekwisha kukaa zilivyotaka.

Ukuta umeinama kwa makusudi

Kijana akiipeleka timazi Ngome ya Yesu atarudi na habari kwamba Wareno hawakujua kujenga. Ngome hiyo ilianzwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu Mwitaliano, na kuta za ngome za zama hizo zilijengwa na mwinamo wa kuingia ndani kadiri zinavyopanda. Hapo timazi hupima mwinamo, haihukumu. Mnara unaopungua kuelekea juu, kama ule wa Msikiti wa Mandhry, nao hupimwa kwa kulinganisha pande zinazotazamana: umbali wa uzi hadi ukuta upande wa mashariki na upande wa magharibi ukiwa sawa, mnara umesimama, hata kama kila upande peke yake unaonekana umelala.

Je, si vyuma? Si bahari? Si dunia yenyewe?

Vyuma vilivyo ndani ya nguzo havivuti timazi. Shaba na risasi hazivutwi kamwe, na ya chuma ingehitaji sumaku. Kuhusu dunia, ni kweli mlima huweza kuivuta. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mwanafalaki Mwingereza, alipima jambo hilo kwenye mlima Schiehallion huko Uskoti, na tofauti kati ya upande wa kaskazini na wa kusini ilikuwa sekunde 11.6 za pembe, yaani sehemu ndogo sana ya digrii moja. Kwenye ukuta wa mita 3 hiyo haifiki milimita 0.2. Fundi anayemlaumu mlima kwa sentimita 2, na Mombasa hatuna mlima, mrudishe kwenye kibao chake.

Umekagua yote na ukuta umelala kweli

Ukuta wa mita 3 uliopotea milimita 5, mimi naupokea. Ukifika milimita 10, plasta yaweza kuuficha, kwa kuwa plasta ya kawaida ni milimita 12 hadi 15. Itakuwa nyembamba juu na nene chini, au kinyume chake, na simiti ya ziada alipe aliyejenga. Kupita hapo plasta inahitaji kupigwa kwa tabaka, ya kwanza ikaze na ikwaruzwe kabla ya ya pili, la sivyo itabambuka vipande vizima. Ukuta uliopotea sentimita 3 ukiwa bado mbichi, shusha mawe hadi pale ulipoanza kupotea, ukimwambia mwashi akiwa na timazi mkononi, ajionee mwenyewe.

Nguzo ya zege iliyoinama si kazi ya plasta wala ya maelewano. Andika vipimo vya pande zote mbili, juu, katikati na chini, tia tarehe na saa, taja kama kulikuwa na upepo, umpe injinia kabla ya kumwaga slabu juu yake.